Gauni Jeupe Siku ya Rangi

Nazi ikiungua ndani ya moto ina harufu yake peke yake. Ni tamu, nzito, inakukaa kooni hata ukimeza mate haishuki. Huku kwetu Mbulu nazi haioti, baridi haiiruhusu, na mwaka ninaousimulia nilikuwa na miaka kumi sijawahi kuishika nazi nzima mkononi. Harufu hiyo ilinikuta Ijumaa moja ya Kwaresima jua likielekea kuzama. Nilikuwa natoka kanisani kwenye Njia ya Msalaba, magoti yananiuma kwa kupigapiga sakafu ya simenti, na tumbo linanguruma. Ilitoka kwenye ua wa nyuma wa duka la Baba Hansa, Mhindi aliyeuza vitambaa karibu na soko. Mimi leo ni bibi wa wajukuu saba, watoto wangu wote wamesoma kunipita, na watu wa hapa wananijua kwamba nasema neno usoni mwa mtu na sirudi nyuma. Kuona haya sijakuzoea. Lakini hiyo harufu, mpaka leo, ikinifikia natazama chini.

Ilikuwa miaka ile bidhaa zilipoanza kurudi madukani. Kabla ya hapo tulikuwa tunaoga kwa majani na kupanga foleni ya sukari kuanzia alfajiri, duka la Baba Hansa lenyewe rafu zake zilikuwa na vumbi na paka. Halafu, polepole, malori yakaanza kupanda kutoka Arusha, ambako ndiko yalikokuwa makao ya mkoa wetu siku hizo, yakishusha sabuni ya miche, vitenge, sufuria na betri za redio. Wahindi wa dini ya Kihindu walikuwa nyumba moja tu mjini. Wafanyabiashara wengine walikuwa Waislamu, na sisi wengine wote tulikuwa watu wa jembe na ng'ombe na kanisa. Nyumba moja, watu watano: Baba Hansa, Mama Hansa, Hansa mwenyewe niliyekaa naye dawati moja darasa la nne, mtoto mchanga wa kiume, na mama yake Baba Hansa aliyeitwa Ba na kila mtu, hata na sisi. Ba alikuwa mfupi, amevaa sari nyeupe ya ujane, na aliongea Kiswahili cha kukatakata ambacho ulikielewa chote.

Shida ya Ba ilikuwa watu. Sikukuu zao zinataka watu wengi, na yeye alikuwa na wanne. Kuna ile ya kucheza kwa vijiti mkizunguka taa, ambayo Arusha walijaza uwanja mzima wa hekalu wanawake wakizunguka mpaka vumbi likapanda. Hapa Mbulu walizunguka Ba, Mama Hansa na Hansa tu, duara lisilo duara, ndipo Ba akaanza kuniita mimi nijaze pengo. Kuna ile ya taa za mafuta. Mama Hansa, aliyekulia Dar es Salaam, alisema kwao mtaa mzima uliwaka usiweze kujua nyumba ya nani ni ipi. Hapa waliweka taa nne kizingitini mwa duka, na upepo wa kwetu ukazizima zote kabla sala haijaisha. Ba akaziwasha tena, zikazimika tena, akaongea na ule upepo kwa lugha yao kama anamgombeza mbuzi. Tulicheka sana siku ile, na yeye alicheka zaidi yetu.

Basi Ijumaa hiyo nikasimama kwenye lango. Hansa akaniona. "Tere, ingia! Leo mdogo wangu anaonyeshwa moto!" Ndivyo ilivyokuwa: mtoto akizaliwa, sikukuu yake ya kwanza ya moto ni kubwa kuliko zote, na Ba alikuwa ameisubiri tangu mimba. Nazi, tende na dengu za kukaanga vilikuja na basi kutoka Arusha. Nikaingia. Mama Hansa alikuwa amempakata mtoto, anauzunguka moto polepole, Ba anamwaga maji chini nyuma yake kutoka kwenye kichombo cha shaba, na tukatupa bisi kwenye moto konzi kwa konzi. Ba akatueleza kwamba zamani kulikuwa na mtoto wa mfalme aliyekataa kumkana Mungu. Shangazi yake akakaa naye ndani ya moto ili afe, akaungua shangazi, mtoto akatoka mzima. Mimi nikamwambia hata sisi tunao wale vijana watatu wa kwenye tanuru. Ba akafurahi mno. "Kumbe mnajua!" Akasema kwao, kijijini alikozaliwa, kila nyumba ilileta kuni zake na moto ulipita mapaa, na kwamba ziko sehemu nyingine za India ambako siku hizo wanawake huwapiga wanaume kwa fimbo na wanaume wanajikinga kwa ngao, hawaruhusiwi kurudisha. Hansa akaninong'oneza, "Mama yako tumpeleke huko." Nilicheka mpaka bisi ikanipalia. Nilipokuwa naondoka akaniambia kesho asubuhi ndiyo sikukuu yenyewe, nisichelewe.

Sasa hapa ndipo ujinga wangu ulipo. Kuhusu rangi hakuna aliyenieleza. Kwao ni jambo ambalo mtoto anazaliwa analijua. Nami nilichokijua kuhusu sikukuu ni kimoja: siku ya sikukuu unavaa nguo bora uliyo nayo. Krismasi unavaa mpya, Pasaka unavaa mpya, hata kama mwaka mzima unatembea na viraka. Na nguo bora niliyokuwa nayo ilikuwa kwenye sanduku chini ya kitanda cha mama: gauni jeupe la Komunyo yangu ya kwanza, nililoshonewa nilivae Pasaka hiyo, halijagusa mwili wangu isipokuwa siku ya kulijaribu kwa fundi. Jumamosi mama alikwenda shamba na baba alikuwa kanisani, yeye akiwa mmoja wa wazee wa parokia. Nikalitoa. Nikalivaa. Nikapita nalo barabara ya soko kichwa juu kama bibi harusi.

Ba alinikuta langoni akashtuka. Alikuwa amevaa sari iliyochakaa, Hansa yuko nyuma yake na gauni la kulalia lililotoboka. Akanishika mkono. "Beta," akasema, ndivyo alivyotuita watoto wote, "hii vua. Nakupa ya Hansa, kuukuu." Mimi nikasikia tusi. Nikaona ananiona ombaomba, kwamba katika nyumba ya wenye duka mtoto wa mkulima avae matambara. "Mimi si maskini," nikamwambia, nikauvuta mkono wangu. Ba akafungua mdomo anieleze, na hapo hapo Hansa akanirushia unga wa rangi ya waridi kifuani, akipiga kelele za furaha.

Nikaukung'uta ule unga kwa viganja, ukazidi kuenea. Halafu, na hili ndilo sikulisema kwa mtu miaka yote, nilifurahi. Gauni lilikuwa limeshaharibika, basi nikajitosa. Nikachota unga wa kijani nikampaka Hansa masikioni, nikampaka Baba Hansa mwenyewe kipara chake, akakimbia ua mzima akipiga mayowe kama kuku. Mama Hansa alileta ndoo ya maji ya rangi, akasema Dar es Salaam walimwagiana hivi tangu asubuhi mpaka saa sita, halafu wote baharini kuoga. Ba nilimpaka mimi shavuni kwa mkono wangu, kwa heshima, akainamisha kichwa nimfikie vizuri. Sijawahi kucheza vile kabla wala baada.

Nilipokaribia nyumbani nikamwona baba mlangoni, na mama amesimama na sanduku liko wazi. Baba alikuwa na fimbo yake ya kuchungia ng'ombe. "Nini hiki?" Nami nikasema, bila kukwama hata neno moja, kwamba wamenikamata. Kwamba yule bibi alinishika mikono na Hansa akanimwagia. Nikaona fimbo inashuka kidogo, na kwa kuona hivyo nikaongeza: kwamba walisema ukishapakwa umeingia dini yao.

Tulirudi sokoni wengi. Majirani walitufuata, na siku ya soko watu hawakosekani. Baba akasimama kwenye ule ua. "Baba Hansa, tumekaa na nyinyi vizuri. Mtoto wangu mnambatiza kwa nguvu, na Kwaresima hii?" Baba Hansa, kipara kikiwa bado kijani, alijaribu kucheka. "Mzee, ni mchezo wa watoto." Mwanamke mmoja nyuma akadakia, "Na jana kwenye ule moto mlimzungusha nani, kuku?" Watu wakaangua kicheko, kicheko kibaya. Baba akanigeukia. "Sema mbele yao." Nikasema tena. Yote. Hansa akalia, "Mwongo! Tere, mwongo wewe!" na mama yake akamziba mdomo.

Ba alikuwa amempakata mjukuu wake, alama ya vidole vyangu iko shavuni pake. Alinitazama mimi, akaitazama fimbo ya baba, akanitazama mimi tena. "Nilimshika mkono," akasema. "Ndiyo. Kosa yangu mimi." Akamwambia mwanawe neno kwa lugha yao, Baba Hansa akaingia dukani, akatoka na kitambaa cheupe, kizuri kuliko kile cha kwanza, akampa mama kwa mikono miwili. Mama alikipokea asiseme asante, na sisi tukaondoka.

Kabla ya Pasaka nilikwenda kitubio, cha kwanza katika maisha yangu. Nilimwambia padri nimelamba sukari na nimemjibu mama vibaya. Hilo la Ba sikulitaja. Nikapokea Komunyo nikiwa nimevaa kitambaa chao, na watu wakasema hakuna msichana aliyependeza kama mimi. Hansa aliomba kuhamishwa dawati. Mwaka uliofuata niliona moshi unapanda nyuma ya duka, lakini lango lilifungwa kwa komeo, na taa zile waliziwasha ndani, ambako upepo haufiki wala jirani hafiki. Ba alifariki baadaye, wakampeleka Arusha, na nyumba nzima ikahamia huko. Mkoa wetu ulipokuja kuitwa Manyara hapakuwa tena na Mhindi wa kulisikia jina hilo. Baba yangu naye alikufa akiamini kwamba aliniokoa.

Mwezi uliopita Neema, mjukuu wa dada yangu mkubwa, anayesoma chuo Arusha, alinitumia picha kwenye simu. Wamejipaka rangi yeye na wenzake, wanacheka, kuna Wahindi, kuna Wameru, kuna Wairaqw kama sisi, nguo zao kuukuu. Hakuna mzazi aliyekuja na fimbo. Siku hizi watoto wanapita malango ambayo sisi tuliyafunga, na hawajui hata kama yaliwahi kufungwa. Akanipigia. "Bibi, unaijua sikukuu hii?" Nikamjibu siijui. Mimi, mwanamke mzima, mdomo ukadanganya wenyewe kama ulivyozoea. Usingizi ulinikataa, na kulipokucha nikampigia mimi, nikamsimulia lote, na lile la kufurahi pia.

Alisikiliza mpaka mwisho, ndipo akauliza: "Bibi, hukuwahi kuwaomba msamaha?"

"Hapana."

"Na huyo Hansa yuko wapi sasa?"

"Sijui," nikasema, na safari hii ilikuwa kweli.