Riga ya Milango Ishirini na Miwili

Saa nne asubuhi, Abdulhalim Mbwana anatembea kinyumenyume. Uso wake umewaelekea wazee saba wanaosukuma vigari vyao vya kutembelea, mkono mmoja ameuinua juu, na mgongo wake haujagusa ukuta hata mara moja.

"Mabibi na mabwana, kushoto kwenu ni kanisa kuu la Riga," anasema. "Tazameni juu. Mwamwona jogoo?"

Kushoto kwao ni mlango wa chumba namba 207. Jogoo ni picha iliyobandikwa kwa selotepu. Wazee wanatazama juu hata hivyo.

Hapa ni Brooklyn Center, jimbo la Minnesota, Marekani, ghorofa ya pili ya nyumba ya kutunzia wazee. Nje theluji imefika magotini, na wakaazi wengi hawajatoka tangu Novemba. Kwa hiyo mara tatu kwa wiki Abdulhalim, mwenye umri wa miaka 47, huwatembeza kwenye korido yenye milango ishirini na miwili, ambayo kila baada ya miezi michache hugeuka mji mkuu mwingine wa Ulaya. Wamekwishatembea Lisbon na Vienna. Yeye mwenyewe Ulaya ameiona kupitia dirisha la uwanja wa ndege, akisubiri kubadili ndege.

Kutembeza watu ndiyo kazi aliyokuja nayo. Kwa miaka kumi na minne aliongoza watalii Mji wa Kale, Mombasa, mpaka wageni wakapungua na nyumbani kukawa kugumu. Ana miaka kumi na mmoja Minnesota. Analipwa dola 19 kwa saa, na Jumamosi hupanga mizigo kwenye ghala moja mji wa Eagan.

"Mzee ukimwambia inuka u-exercise, akwambia magoti yauma," anasema. "Na ni kweli yauma. Lakini mtalii naye alikuwa akichoka vile vile, na lile jua letu. Dawa ni moja: usimwambie kumebaki mbali vipi. Mwonyeshe kitu, halafu kingine hapo mbele kidogo."

Riga, mji mkuu wa Latvia, ilitengenezwa kwa ajili ya mtu mmoja. Bi Mirdza, mwenye miaka 90, alizaliwa huko na kuondoka na wazazi wake akiwa na miaka tisa, wakikimbia vita. Oktoba iliyopita alianguka, akawekwa kwenye kiti cha magurudumu, na tangu hapo akagoma kusimama. Kanuni ya nyumba hiyo haina huruma: asiyeweza kwenda chumba cha kulia kwa miguu yake, hata kwa kigari, huhamishiwa jengo jingine. Alipewa hadi mwisho wa Februari.

Kwenye ghorofa hiyo hiyo ya pili yuko mdogo wake, Austra, mwenye miaka 86. Ndiye mtu pekee aliyebaki wa kuzungumza naye Kilatvia.

"Wangewatenganisha," anasema Nkatha, muuguzi kutoka Meru. "Na hao wawili hula pamoja, hugombana pamoja. Mimi nilikuwa nime-give up. Abdulhalim akaniambia, dada, nipe mwezi mmoja."

Siku ya kwanza Bi Mirdza alitazama kutoka mlangoni, uso ameukunja. Siku ya pili akasema, kwa sauti ya mwalimu mkuu, kwamba soko limewekwa ng'ambo isiyo yake ya mto. Abdulhalim aliomba radhi na kuendelea mbele. Bibi huyo akashika fremu ya mlango, akainuka, akapiga hatua nne na kuibandua picha ya soko kwa mkono wake.

"Hakutaka ku-walk. Alitaka kunisahihisha," anasema Abdulhalim. "Hapo n'kapata njia."

Kosa la soko lilikuwa la kweli. Yaliyofuata yalikuwa ya makusudi. Kila safari aliharibu kitu kimoja, milango miwili mbele ya kile cha mara iliyotangulia. Akauhamisha mnara wa uhuru. Akamweka paka juu ya kanisa, mahali pa jogoo.

"Mombasa ukimdanganya mgeni, wenzako wakasikia, jina lako limekwisha," anasema, na inaonekana jambo hilo bado linamkera. "Hapa n'kawa nalala nikipanga uongo wa kesho."

Mwisho wa Februari mtaalamu wa tiba ya viungo alikuja na karatasi yake kumpima Bi Mirdza. Abdulhalim aliambiwa akae kando na asiseme neno. Bi Mirdza alisukuma kigari, akasimama kila mlango na kumweleza mtaalamu kilichopo, apende asipende. Alitumia dakika kumi na tisa kufika kwenye meza ya chumba cha kulia ambako Austra alikuwa amemngoja mpaka supu ikapoa. Karatasi ikatiwa saini: anabaki. Nkatha alilia, na haoni haya kulisema.

"Nilijua tangu yule paka," Bi Mirdza anamwambia mwandishi. "Hakuna mtu mjinga kiasi hicho. Lakini kitu kikikaa mahali pasipo pake siwezi kukiacha."

Wazee wameomba mwezi ujao wapelekwe Mombasa, na hapo Abdulhalim amekwama. Ndia Kuu, barabara kubwa ya Mji wa Kale, anaikumbuka vizuri, ila vichochoro vya nyuma vimeanza kumchanganya. Mama yake alifariki miaka mitatu iliyopita, wakati makaratasi ya ukaazi ya Abdulhalim hayajatoka, na kwa kuhofia kutoruhusiwa kurudi hakwenda kuzika. Yalitoka mwaka jana. Bado hajaenda.

"N'limuuliza Bi Mirdza mbona hakurudi Riga hata mara moja," anasema. "Akanambia kwanza mipaka ilifungwa, halafu watoto, halafu kazi, halafu magoti. Kisha akaniuliza, na wewe je? N'kamwambia naenda Desemba, inshallah. Akaniuliza, Desemba ya mwaka gani?"

Jumatatu iliyofuata Abdulhalim alijaza fomu ya likizo, wiki tatu za Desemba. Fomu hiyo haina nafasi ya kuandika mwaka. Ameuandika pembeni.