Kumtibu Mama Leokadia Nyumbani Kwake

Swali la kwanza nililoulizwa kazini lilikuwa kama najua kuendesha pikipiki. Nilikuwa nimefika Kibondo siku iliyotangulia kwa lori la mizigo, vumbi jekundu limenijaa mpaka kwenye nyusi, na asubuhi hiyo nilisimama mbele ya Mganga Mkuu wa Wilaya nikiwa nimevaa gauni nililolipiga pasi kwa bidii. Nikamjibu kuwa naendesha. Baba yangu kule Muheza alikuwa bwana shamba, na pikipiki yake ya serikali niliijua kabla sijajua kupika wali.

"Basi utatufaa," akasema. "Waliomo wodini ni wale walioweza kufika. Wengi wako vijijini, na hao nao ni wagonjwa wako."

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini. Cheo changu kilikuwa daktari msaidizi, yaani mtu aliyeanza kama tabibu, akarudi chuoni, akafundishwa kupasua, kuzalisha na kutibu karibu kila kitu. Siku hizi vijana mnazungumzia daktari wa familia. Sisi hatukuwa na jina hilo, ila kazi yenyewe tuliifanya. Katika kijiji cha Murungu niliwahi kumzalisha mama, kumtibu mtoto wake mkubwa malaria na kumpima bibi yao presha, wote katika nyumba moja na asubuhi moja. Kiha nilijifunzia humo humo majumbani, nikianza na maneno ya lazima: panauma wapi, tangu lini, umekula nini.

Baadaye nilihamishiwa Kasulu. Wakimbizi walikuwa wanaingia kwa wingi kutoka ng'ambo ya mpaka, hospitali imeelemewa, na Mganga Mfawidhi, yaani msimamizi wa hospitali, alikuwa mtu mkali wa maneno machache. Hapo ndipo nilipompata mgonjwa ninayetaka kuwaeleza, kwa sababu kwake nilifanya kazi yangu vizuri kuliko mahali pengine popote.

Aliitwa Mama Leokadia, mkulima wa Rungwe Mpya. Alikimbia Burundi akiwa msichana tu, mtoto wake wa kwanza yuko mgongoni, akapata shamba, akapata uraia, akafiwa na mume. Huyo mtoto wa mgongoni, Fidelis, sasa alikuwa mwalimu Kasulu mjini. Mdogo wake wa kike, Godeliva, alikuwa ameachika, akarudi kuishi na mama yake na kulima naye. Ni Godeliva aliyemleta hospitali, amempakia kwenye baiskeli, anashuka na kuisukuma kwenye kila mlima.

Nilimpima, nikajua. Ilikuwa saratani ya shingo ya kizazi, pale mfuko wa uzazi unapofungukia, na ilikuwa imeshatambaa hadi kwenye kibofu na mifupa ya nyonga. Ikifika hapo kisu hakisaidii. Matibabu ya mionzi yalikuwa Dar es Salaam, na kwa hali yake yasingemrudishia uzima.

Mwalimu Fidelis alikuja ofisini kwangu akiwa amenyooka kama yuko mbele ya darasa.

"Daktari, naomba mama asiambiwe. Mwambie ni vidonda vya tumbo. Mimi nitampeleka Mwanza akapasuliwe."

"Mwalimu, wakimfungua watamfunga tu. Na barabara ile itammaliza kabla hajafika."

"Wewe si mtu wa huku," akasema. "Huyu mama alinibeba mgongoni akavuka mpaka. Siwezi kukaa nikamwangalia tu."

Sikukasirika. Mtoto anayempenda mzazi wake husema hivyo. Nikamwambia, "Asipouliza, sitamwambia. Akiniuliza, sitamdanganya."

Na kweli mama aliniuliza, nilipokwenda kumtazama nyumbani. Nilimkuta ameketi kwenye mkeka nyuma ya nyumba, anapukuchua maharage. Maumivu yalipompanda alikuwa anasimamisha mkono, anangoja yapite, halafu anaendelea.

"Muganga," akasema, maana ndivyo alivyoniita, kwa lugha ya kwao, "mwanangu anasema ni vidonda vya tumbo. Lakini mwili huu ni wangu. Nitapona?"

Niliketi naye mkekani. Jambo hilo halisemwi mtu amesimama.

"Hapana, mama. Hutapona. Ila maumivu haya nitayapunguza, na sitakuacha."

Alipukuchua maganda kadhaa. Machozi yalimtoka, akayafuta kwa ncha ya kitenge. Kisha akamwita Godeliva, akamwagiza awaite wazee wa kanisa. Alitaka aseme mbele yao, kwa kinywa chake, kwamba nyumba na shamba la bondeni vinabaki kwa binti yake. Bila hivyo, kwa desturi ya watu wake, vyote vingekwenda kwa mtoto wa kiume, na Godeliva angeishi kwa hisani ya kaka.

Habari zilipomfikia Fidelis, alikwenda moja kwa moja kwa Mganga Mfawidhi kunishtaki. Niliitwa, nikamkuta Fidelis yuko kitini, macho mekundu.

"Huyu amemkatisha mama tamaa," akasema. "Amemuua kwa maneno."

Mfawidhi akanigeukia. "Ulimwambia?"

"Aliniuliza, nikamjibu."

"Unampa nini cha maumivu?"

"Kodeini na aspirini. Hazitoshi tena. Naomba mofini."

Mofini ni dawa ya maumivu makali kabisa. Enzi hizo ilikuwa ya sindano, tena haba, ikifungiwa katika kabati la dawa za hatari, na tuliitumia kwa waliotoka kupasuliwa.

"Hiyo ni ya upasuaji," akasema Mfawidhi. "Unataka kuipeleka migombani?"

"Maumivu yako huko migombani, bwana mkubwa. Mwalimu hapa hataki mama yake ateseke. Mimi pia sitaki."

Mfawidhi akamgeukia Fidelis. "Mwalimu, mkiwa njiani kwenda Mwanza, mama yako akaanza kulia, utampa nini?"

Fidelis aliinamisha kichwa, akalia. Mfawidhi akachukua funguo. "Utaipeleka mwenyewe," akaniambia. "Na vichupa vitupu nivione hapa."

Basi nikaifanya kazi. Ile mofini niliichanganya na maji ili inywewe, nikamfundisha Godeliva kumpa kwa saa zake, kabla maumivu hayajarudi, maana ukingoja mgonjwa alie umeshachelewa. Mofini hufunga choo, kwa hiyo tukampa papai na vidonge vya kulainisha. Ugonjwa ule hutoa harufu, na harufu huwafukuza majirani mlangoni. Nilisaga vidonge vya metronidazo, dawa ya kuua vijidudu, unga wake tukaunyunyiza kwenye vitambaa vyake safi, harufu ikapungua mno. Wanawake wa jumuiya yake ya kanisa wakarudi kuketi naye na kuimba.

Jumamosi moja Fidelis alifika akamkuta mama yake ameketi nje, anakula ugali wa muhogo na dagaa wa mawese, anamcheka Godeliva kwa namna anavyomwogopa jogoo wao. Fidelis akasimama pale, ameshika baiskeli.

"Mwana wanje," mama akamwita, yaani mwanangu, "mbona umesimama kama mgeni?"

Aliilaza baiskeli chini, akaenda kuketi. Mambo ya Mwanza hakuyataja tena. Aliomba ruhusa shuleni, akahamia pale, akajifunza kupima dawa na kumgeuza mama yake kitandani asipate vidonda vya mgongo. Wazee wa kanisa walipokutana hatimaye, Mama Leokadia alisema maneno yake kwa Kirundi, akayarudia kwa Kiswahili ili nami niwe shahidi. Wa kwanza kuitika alikuwa Fidelis. "Nimesikia," akasema. "Shamba ni la dada."

Mama Leokadia alifariki asubuhi, ukungu bado haujainuka migombani. Nilimkuta angali anapumua, kwa mbali, kichwa kiko mapajani mwa mwanawe, Godeliva ameshika miguu. Hakulia kwa maumivu. Nilimshika mkono mpaka mwisho.

Baada ya maziko Fidelis alinisindikiza hadi kwenye pikipiki.

"Nilikuchukia, daktari."

"Najua."

"Nikifumba macho namwona akimcheka Godeliva na yule jogoo. Ningempeleka Mwanza, ningekuwa namwona akilia ndani ya basi."

Nilistaafu nikiwa hapa Kasulu, na sikurudi Muheza. Wakubwa wangu wa kazi wote wawili wameshatangulia. Mofini ya maji sasa inatoka kiwandani, na madaktari wana mafunzo ambayo sisi hatukuyapata. Nafurahi kwa hilo, na siwaonei wivu. Mimi nilipata kazi niliyoiweza.

Siku za karibuni daktari mmoja kijana alikuja kunisalimia nyumbani, amechoka. Alinisimulia juu ya mzee wa Kagerankanda, saratani ya ini, wamemruhusu arudi kwake. "Mama," akasema, "hakuna tena tunachoweza kumfanyia."

Nikamwambia achukue mkoba wake, twende. Tulipofika, tulikuta kazi ya kutwa nzima.