Mwaka Majirani Walipohama Kisiwani

Mwaka jana nilipanda boti Ikola kwenda Karema kumzika shemeji yangu. Tulipopita ziwani karibu na kisiwa chetu, kijana aliyeshika injini akaniambia, kwa kunichangamsha tu, kwamba pale hapajawahi kukaa mtu, pana ndege tu. Nilijifunika kitenge nikatazama maji. Mimi nimelelewa pale.

Kilikuwa kisiwa kidogo, ungekizunguka kwa miguu kabla maharage hayajaiva jikoni. Nyumba zilikuwa chache, na mbele ya kila nyumba palikuwa na mchanga wa kuanikia dagaa. Mama alifariki nikiwa bado nanyonya, na baba alikuwa kibarua kwenye machimbo ya madini ya risasi kule Mpanda. Nililelewa na bibi, mama yake baba, aliyeniita mke mwenzangu. Kazi yangu ilikuwa kufukuza ndege kwenye dagaa, mimi na binti wa jirani, mtoto pekee wa rika langu. Tulikimbia huku na huku tukipiga kelele mpaka sauti zinakauka. Mchana tulikula ugali wa muhogo na samaki aina ya migebuka waliopikwa kwa mawese, midomo ikabaki myekundu hadi jioni.

Habari ya bomu ililetwa na mwalimu wa dini. Yeye alizoea kuvuka kwenda misheni, ambako padri alikuwa na redio. Jumapili moja baada ya sala alituambia kwamba kwenye bahari ya mbali sana kuna visiwa vidogo kama chetu, na watu wake ni wavuvi kama sisi. Wazungu waliwaomba wapishe kwa muda, wajaribu bomu. Wakapisha. Visiwa vikaungua, na vumbi lake, alisema, linatembea na mawingu.

Tangu siku ile mvua haikuwa mvua tena. Zamani tulioga mvuani tukiimba. Masika yale bibi alinivuta ndani akafunga mlango, nami nikakaa kusikiliza matone kwenye nyasi za paa, peke yangu, nikijua na binti wa jirani amefungiwa vilevile kwao.

Kiangazi wakaja wapimaji kwa motaboti, Wazungu wawili na wapagazi wao. Walipiga hema ufukweni. Walikuwa na kisanduku walichokisogeza kwenye miamba, nacho kikawa kinalia ta, ta, ta, kama mtu anayegongagonga kucha. Mpagazi mmoja aliwaambia watu wazima kwamba wanatafuta jiwe linalotengenezewa bomu. Walipaka miamba alama nyeupe, wakasema huenda watarudi, wakaondoka.

Hakuna aliyewasubiri. Familia moja ilihama, kisha nyingine. Jirani alipofunga mizigo yake alikuja kwa bibi, hata hakuketi.

"Mama, tuondoke wote. Hawa wakirudi watatusomba kama wale wa visiwa vya mbali."

"Wale waliambiwa wapishe kwa muda," bibi akasema. "Umesikia wamerudi?"

"Sijasikia."

"Basi nyie nendeni. Mimi nikitoka hapa, nani atasema hapa ni kwetu?"

Jirani alilia. Bibi alimfungia dagaa kwenye jani la mgomba, akamsindikiza hadi mtumbwini. Binti yake alikaa nyuma akanitazama mpaka nikashindwa kutofautisha uso wake na mizigo. Mwalimu wa dini naye hakuonekana tena.

Tukabaki wawili. Nilifukuza ndege kwa sauti moja, na ndege wakajua, hawakuniogopa. Niliingia kwenye nyumba ya jirani, nikaketi kwenye mafiga yaliyopoa, nikawa najiuliza maswali kwa sauti ya rafiki yangu na kujijibu kwa yangu. Bibi alinisikia siku moja akiwa nje. Nadhani ndiyo siku aliyoamua kunitoa, maana aliwapa wavuvi waliopita ujumbe wamfikishie baba.

Baba alikuja akitaka kutuchukua sote. Walibishana asubuhi nzima kwa sauti za chini. Mwisho bibi akanishika mkono akanipeleka kwa baba.

"Nenda ukasome, mke mwenzangu. Mtoto hawezi kukua anaongea na kuta."

"Na wewe?"

"Mimi nawangojea wenzetu. Wakirudi wakute moto unawaka."

Mpanda nilisoma, nikapata marafiki wengine. Kiangazi kilichofuata, wavuvi waliopita karibu na kisiwa waliona hakuna moshi. Walimkuta bibi amelala kitandani kwake, ameshafariki, wakamzika palepale. Baba alipopata habari, wiki zilikuwa zimepita.

Wapimaji hawakurudi kamwe. Inasemekana jiwe lao halikuwepo.

Nilipokuwa mtu mzima nilikutana pale Ikola na yule jirani yetu wa kisiwani, sasa mzee, macho yameshika ukungu. Binti yake alikuwa ameolewa ng'ambo ya ziwa. Nilimuuliza kwa nini hawakurudi, ilipojulikana kuwa hakuna hatari. Aliendelea kuchambua mchele.

"Tulitaka kurudi, mwanangu," akasema. "Kila mwaka tulisema. Lakini kila mmoja alikuwa anangoja mwenzake atangulie."

Bibi alikuwa kule kisiwani hadi mwisho wake, anapuliza moto wake kila asubuhi, anatazama upande wa bara. Na sisi huku, wote, tulikuwa tunangoja wa kututangulia.