Benchi la Watoto Wasiolia

Nilimfundisha binti yangu neno moja la Kizulu kabla ya kumpeleka hospitali, na neno hilo nusura limuue. Sipendi kuzungukazunguka, kwa hiyo naanza na hilo.

Alikuwa na miaka sita. Alikuwa ameishi Johannesburg miezi minne tu, akitokea kwa bibi yake Uvira, Kongo. Mimi nilikuwa na miaka mitano hapa, nashona nguo katika chumba cha mbele mtaa wa Bertrams, na nilijiona mjanja. Nilijua wageni tunavyopokelewa. Kwenye kliniki ya karibu vijana walikuwa wakisimama getini kudai vitambulisho na kuwarudisha wageni. Mama mmoja Mrundi wa mtaani kwetu, mtoto wake aliahirishiwa upasuaji wa ngiri mara tatu, huku watoto walioandikishwa nyuma yake wakipasuliwa, wakipona na kurudi kucheza mpira. Kila mara aliambiwa hakuna kitanda. Sijui ni kitanda gani hicho kinachosoma pasipoti.

Basi tumbo lilipomshika binti yangu Alhamisi, na homa ikampanda, asubuhi yake nilimnawisha uso nikamfanyisha mazoezi. "Mama," nikamwambia, maana kwetu binti tunamwita mama, "wakikuuliza chochote kule, jibu ngiyaphila. Maana yake mimi ni mzima. Na usilie. Ukilia utatoa Kiswahili, watatujua." Nilitaka wamchukulie kama mtoto wao. Nikamuuliza, akajibu. Nikamuuliza tena, akajibu kama aliyezaliwa Soweto. Mungu anisamehe, nilimpigia makofi.

Kitenge nilikiacha nyumbani, nikavaa jinzi na kofia ya sufu. Hospitalini tulikaa kwenye benchi la ukutani. Upande wa pili wa ukumbi watoto walikuwa wakilia, wakitapika, wakivuta nywele za mama zao. Benchi letu lilikuwa kimya. Watoto sita walikaa pale na hakuna aliyetoa sauti, hata yule ambaye mkono wake ulikuwa umevimba hadi kwenye kiwiko. Kila mmoja alikuwa akiutazama mdomo wa mama yake. Ndipo nikaelewa kwamba mama zao wote walikuwa wamefanya kama mimi. Aliyekaa kando yangu nilimtambua kuwa Mkongo kwa namna alivyosuka, naye alinitambua. Hatukusalimiana. Wakongo wawili kukaa goti kwa goti saa tatu nzima bila hata jambo, hilo sijaliona hata msibani.

Nesi wa kupima wagonjwa hakuwa mkali. Alimlaza binti yangu, akambonyeza tumbo. "Kubuhlungu?" aliuliza, yaani inauma? Jasho lilikuwa limemtoka mtoto juu ya mdomo. Akanitazama, akatabasamu. "Ngiyaphila." Nesi akabonyeza chini kulia. "Ngiyaphila."

Nesi akafungua faili. Karatasi yangu ya ukimbizi ilikuwa imebanwa juu kabisa. Niliitoa mwenyewe pale dirishani mapokezi, kwa mkono wangu, bila kufikiri. "Watoto wa huko kwenu ni wagumu," aliniambia kwa Kiingereza, kama mtu anayesifu. "Hawasikii maumivu kama wa kwetu." Akambandika kibandiko cha kijani, cha watu wa kungoja. Walijua sisi ni nani tangu tulipoingia. Nilichofanikiwa kuwaficha ni ugonjwa peke yake. Mficha maradhi kifo humuumbua, methali hiyo naijua tangu shule ya msingi, na bado sikufungua mdomo. Niliogopa, na niliona haya kwamba naogopa.

Saa nane mchana binti yangu aliacha kujikunja. Akakaa wima, uso umetulia kabisa. Nikadhani maombi yamejibiwa, nikamwandikia baba yake kwamba maumivu yamekwisha. Kisha nikamsikia akizungumza chinichini. Mbele yake hapakuwa na mtu, ukuta tu. "Ngiyaphila," akauambia. Akangoja kidogo, kama aliyeulizwa tena. "Ngiyaphila." Watoto wengine wa benchi wakageuka kwa pamoja wakautazama ukuta ule, na hakuna aliyeuliza kitu. Nilimgusa tumbo. Lilikuwa gumu kama ubao wa kupigia pasi, na miguu yake ilikuwa ya baridi.

Hapo nilisimama nikapiga kelele kwa Kiswahili cha kwetu. "Mtoto yangu anakufa! Munisaidie, huyu mtoto anakufa!" Nesi alikuja, akaniambia nikae, wenye kijani wanangoja. Yule Mkongo wa kando yangu, aliyekuwa ameinamisha uso muda wote, akanyanyuka, akamshika nesi mkono, akauweka juu ya tumbo la binti yangu. Nesi alimbeba mwenyewe, akakimbia naye.

Walimpasua kabla jua halijazama. Kidole tumbo kilikuwa kimepasuka, na daktari alinieleza kwamba kikipasuka maumivu hupoa kwa muda, ndiyo maana alitulia. "Angelia asubuhi," alisema, "tungemfungua asubuhi." Nilimchukia kwa sentensi hiyo. Niliwachukia pia wote waliofanya nione kilio cha mwanangu kuwa hatari kuliko ugonjwa wake, na nikajichukia mimi niliyewasaidia kazi yao. Kisha nikamshukuru daktari, kwa sababu mtoto alikuwa hai.

Siku ya tatu wodini walimbadilishia bandeji. Nesi alimaliza akatoka. Mimi mshonaji nilikuwa nikiangalia nyuzi zile tumboni, nikiwaza ninavyoshona vitambaa bila kuvihurumia. Binti yangu aliangalia mlangoni kwanza, kuhakikisha hakuna mtu. Ndipo akaninong'oneza.

"Mama, sasa naweza lia?"

"Lia, mama. Lia unavyotaka."

Uso ukajikunja, machozi yakamtoka, kinywa kikafunguka hadi nikaona meno ya nyuma. Sauti haikutoka. Nilikaa pale kitandani nikiisubiri.