Salvina na Ushanga wa Feridoksini

Mwaka 1977 nilikuwa napima malaria katika maabara ya hospitali huko Kolandoto, meza moja na Salvina, binti wa Ushirombo. Mkaidi yule! Chuo kikuu kilishamkatalia mara moja, naye akaomba tena. Safari hii walimtumia swali la kujibu kwa barua: bakteria wa matopeni ana protini inayobeba chuma na salfa, feridoksini. Je, mpangilio wake unaonyesha ilitokana na nini? Akikosa, ndiyo basi, hakuna kuomba mara ya tatu.

"Achana nayo," nilimwambia. "Sisi damu na choo vinatutosha."

"Vikutoshe wewe, Esta."

Protini hiyo ni mnyororo wa viungo hamsini na vitano. Salvina aliutunga kwa shanga, akifuata orodha iliyokuja na swali, kila aina ya kiungo na rangi yake. Nyekundu nane ndizo zinazoshika chuma. Alihisi nusu ya pili ni nakala ya ile ya kwanza. Basi akaukunja katikati, ncha kwa ncha, vile mama zetu wanavyokagua mkufu kama pande zake zinalingana. Nyekundu zikapishana. Wiki nzima alikunja na kukunjua, amenuna, hata chai hanywi. Mimi nilichoka kumtazama.

Jumamosi mama yake alikuja kutusalimu. Hatujamaliza shikamoo, Salvina akauona mkufu shingoni mwake, akaruka.

"Mkufu tunautunga kutoka katikati, mama! Hii inasomwa kutoka upande mmoja tu!"

Akachukua mkasi.

"Mayo! Unakata ushanga mzima?" mama yake alishtuka.

Alikata. Akalaza vipande viwili sambamba, vyote vikianzia kushoto, akasogeza cha pili kidogo. Nyekundu nne zikakaa chini ya nyekundu nne, bila kukosea hata moja. Nilisimama nikahesabu mwenyewe.

"Zamani ilikuwa fupi, nusu ya hii," alisema huku akiandika. "Ikajinakili, nakala ikaunganishwa palepale. Ni mtu mmoja aliyezaliwa mara mbili."

Barua aliipeleka posta Shinyanga kwa mkono wake. Jibu lilifika Julai: amepokelewa. Nililia, wala sioni aibu kusema, maana mimi ndiye niliyemwambia aache.

Alipoondoka alinikuta stendi kabla yake. Nilimwomba kitu kimoja tu, anitumie fomu ya kuomba chuo, na mimi nijaribu.