Kompyuta ya mtumba iligoma kufungua intaneti, nikamchafulia mzee wa watu jina

Wakuu, salaam. Niko Bujumbura, na humu huwa nasoma kimyakimya tu. Leo nimejikaza niandike. Sitaongeza chumvi, maana hata bila chumvi habari hii inaniumbua vya kutosha.

Mimi ni mwalimu wa Kifaransa, nakaa Buterere, na ni katibu wa kwaya ya kanisani kwetu.

Nilinunua kompyuta ya mezani, mtumba, kwa mzee mmoja mwenye duka kule Asiatique, mtaa wa maduka hapa mjini. Nitamwita Mzee Saidi, siyo jina lake. Ni Mwislamu wa Buyenzi, ukoo wao uko mjini hapa tangu enzi za mababu. Aliiwasha mbele yangu, akachomeka modemu yangu, intaneti ikafunguka. Nikaibeba kwa furaha.

Kufika nyumbani, wapi!

Modemu inasoma, alama za mtandao zimejaa, lakini kila ukurasa unakuja na onyo jekundu na kugoma.

Nikaanza ufundi. Nikahamisha modemu upande wa pili. Nikaongeza mega za intaneti. Nikabadilisha laini. Mwisho nikaipeleka modemu kwa jirani, kwenye kompyuta yake ikafungua kila kitu. Basi nikajua ugonjwa uko kwenye mashine yangu.

Lile onyo sikulisoma. Lilikuwa kwa Kifaransa, wakuu. Mimi ninayewafokea wanafunzi kila siku wasome swali kabla ya kujibu, nilikuwa naliona tu nalifunga.

Nikairudisha Asiatique. Mzee Saidi akaiwasha, akabonyezabonyeza kitu pale chini kwenye kona, intaneti ikafunguka.

"Mwalimu, mashine iko muzima," akasema. "Ni pile ya ndani ndiyo imechoka. Ngoja nikuwekee ingine..."

Pile huku kwetu ni betri. Sikumwacha amalize. Nilijiambia ndio ujanja wao huo, leo mashine, kesho pile, keshokutwa kitu kingine.

"Apana mzee, mi sinunui tena kitu hapa. Si inafanya kazi? Basi."

Akanifungia mashine yangu vizuri kwenye boksi.

Hapa niwaeleze jambo la mtaani kwetu. Umeme unakatika ukijisikia, na ukirudi unarudi kwa hasira, umeshaunguza friji na televisheni za watu. Tena tuko bondeni, mvua ikinyesha maji yanaingia hadi sebuleni. Kwa hiyo mtu akimaliza kutumia kitu anachomoa waya ukutani, anakiinua juu. Mimi nilikuwa nachomoa kila jioni bila kukosa, na najisifu kwa hilo.

Basi, nyumbani ikagoma tena.

Nikapandwa na hasira. Nikaamini kabisa kwamba mzee ana mbinu yake ya kuifungua pale dukani ili nisimdai, halafu nikiondoka imekufa.

Nikafungua grupu la kwaya kwenye simu. Kwaya ilikuwa imekubaliana kununua mashine mbili kwa mzee huyohuyo, kwa kunisikiliza mimi. Nikaandika ujumbe mrefu. Nikataja jina lake na duka lake, nikasema ni mwizi. Mwishoni nikamalizia: "Muswahili ni Muswahili tu."

Kwa msiojua, huku kwetu ukimwita mtu Muswahili mara nyingi huzungumzii lugha. Unamaanisha watu wa mitaa kama Buyenzi, na unamaanisha mjanja, mtu wa kukuuzia mbuzi kwenye gunia. Na nimeliandika mimi, ninayewaandikia nyie Kiswahili hikihiki nilichojifunza nikicheza mpira na watoto wa Buyenzi. Naona aibu hata kulirudia hapa.

Ujumbe ukakimbia. Kwaya ikaghairi siku hiyohiyo, ikanunua kwingine. Watu wakausambaza kwenye magrupu ya wazazi, ya mitaa, sijui wapi na wapi. Niliona raha, nisiwafiche. Nilipongezwa.

Wiki moja baadaye Spès, mwalimu mwenzangu wa hesabu, akaja nyumbani kuandika mtihani kwenye mashine yangu. Nikamwambia intaneti asijisumbue, imekufa. Akajaribu hivyohivyo. Onyo likaja, yeye akalisoma.

"Mwalimu, we ulisoma hii? Wanasema saa yako iko nyuma. Hii mashine inazani tuko miaka kumi na tano ya nyuma!"

Akarekebisha tarehe kwenye kona. Kila ukurasa ukafunguka.

Akanieleza taratibu. Ndani ya mashine kuna kabetri kadogo ka duara, ndiko kanatunza saa wakati waya umechomolewa. Kakichoka, kila ukichomoa mashine inasahau tarehe, na kurasa za intaneti zinaikataa mashine yenye tarehe ya zamani.

"Ni pile tu," akasema. "Mwenye kukuuzishia hakukuambia?"

Masikio yalinichoma.

Kesho yake nikaenda Asiatique. Mzee Saidi alikuwa peke yake dukani. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima, yote yakapotea, nikasema tu kwamba ule ujumbe niliuandika mimi na ulikuwa uongo.

Alikuwa anajua. Uliletwa kwenye simu ya binti yake, na kwa vile macho yake hayaoni vizuri, binti ndiye alimsomea. Alipofika sentensi ya mwisho binti akanyamaza. Mzee akamwambia asome mpaka mwisho.

"Mi nimekusamehea, Mwalimu, Allah ni shahidi," akaniambia. "Lakini mi niko mutu moja. We uliandikia watu wengi. Enda uwaambie na wao."

Kisha akaniwekea ile pile, akakataa malipo. Kumbe hata siku ile alitaka kuiweka bure.

Nikaomba radhi kwenye grupu kwa jina langu kamili. Wachache wakaweka dole gumba. Sijaona hata mmoja aliyeusambaza ujumbe huo wa radhi.

Juzi binamu yangu wa Ruziba kanitumia ujumbe. Ni ule wa kwanza, neno kwa neno, jina langu limeshapotea njiani. Chini yake kaongeza: "Kaka, uwe makini na huyu mzee."

Nikamjibu kwamba niliuandika mimi na ni uongo mtupu. Akanirudishia vikaragosi vya kucheka. Alidhani natania.

Nimejifunza kusoma kilichoandikwa, na kumwacha mtu amalize anachosema. Hayo ni mepesi. Lililobaki silijui, ndiyo maana nimekuja kwenu: aliyewahi kumchafua mtu kisha akafanikiwa kumsafisha, aniambie alianzia wapi. Mwenye matusi pia alete, ni halali yangu.

Na kama ujumbe huo ulishakufikia huko uliko, mwandishi wake ndiye mimi. Sitanii.