Nani Atamtembeza Turre

Hilkka alikuwa amekaa kwenye kistuli cha mlangoni, buti moja mguuni, nyingine mkononi, na ile ya mkononi hata habari nayo hana. Mbele yake Turre amesimama, mkia umejikunja juu ya mgongo kama mshikio wa kikombe, anamkodolea macho.

"Unanitazama nini? Mimi ndiye niliyekuleta hapa?"

Mbwa akapiga chafya.

Aliyemleta alikuwa Veikko, mumewe, na Veikko yuko kaburini tangu Septemba. Moyo ulimsimama akipanga kuni. Akaacha bunduki, ambayo mdogo wake Jarmo aliichukua wiki ileile, na akaacha mbwa, ambaye Jarmo alimtaka pia. Hilkka akakataa. Tena alikataa msibani, mbele za watu, akiwakatia waombolezaji keki, kisu mkononi: "Turre haendi popote. Ni wa nyumba hii." Watu wakaitikia kwa vichwa, wengine wakafuta machozi. Msibani kila mtu ana nguvu.

Sasa ni Januari, mji mzima wa Kuhmo umeganda. Jua linachungulia saa nne asubuhi, saa nane mchana limeshaaga. Na Hilkka, mama wa miaka sabini na kitu, aliyepika uji wa wanafunzi mpaka magoti yakagoma, lazima atoke na mbwa mara tatu kwa siku. Kuvaa kwenyewe ni kibarua: suruali ya sufu, suruali juu yake, soksi juu ya soksi. Ukimaliza jasho linakutoka, ukifungua mlango jasho linaganda. Huko nje changarawe wanayomwaga njiani ili watu wasiteleze inamwingia Turre katikati ya vidole, anainua mguu, anasimama na mitatu, anamtazama Hilkka kama yeye ndiye aliyeimwaga. Alimnunulia viatu vya mbwa. Akavitafuna.

Ndiyo maana wiki ile ya baridi kali Hilkka alifanya ujanja. Akawa anamzungusha jengo tu, akojoe, warudi. Lakini Turre ni mbwa wa kuwindia. Amezaliwa akimbie msituni kutwa, akimwona mnyama amzuie kwa kubweka hadi mwenye bunduki afike. Nguvu zote zile ukizifungia kwenye fleti ya vyumba viwili, zitatafuta pa kutokea. Zikatokea kooni. Hilkka akienda dukani, huku nyuma Turre anaanza kulia, sauti ndefu, jengo zima linasikia.

Airi, jirani wa ghorofa ya chini, akapanda ngazi, mkono kiunoni.

"Jirani, huyo mwimbaji wako leo kaanza saa ngapi?"

"Amelia kidogo tu."

"Kidogo? Nimemaliza kufuma soksi nzima, yeye bado yuko ubeti wa kwanza! Hilkka, nakupenda, unajua. Lakini kikao cha wakazi wa jengo ni wiki ijayo, na mimi sina masikio ya akiba."

Kuhmo ni mji mdogo. Kesho yake tu Jarmo akapiga simu.

"Shemeji, nasikia umefungua kanisa huko, kwaya ni mtu mmoja."

"Nyamaza wewe."

"Jumapili nakuja na gari na kizimba. Hujashindwa, shemeji. Umechoka tu."

Hilo neno la mwisho ndilo lililomuuma, kwa sababu lilikuwa kweli.

Akashuka stoo, akatoa kile kiti cha kuteleza ambacho wazee wa hapa huendea dukani, chenye vyuma viwili virefu chini: unasimama nyuma, unasukuma kwa mguu mmoja. Juu ya changarawe hakiendi, kwa hiyo akakiteremsha ziwani, kwenye barafu. Akamfunga Turre mbele.

Wakaenda vizuri mpaka Turre alipoiona njia ya skii, ya wanaoteleza kwenye theluji na mbao ndefu miguuni, ile mifereji miwili iliyonyooka kama imepigwa rula, akaona hiyo ndiyo barabara yake. Kwa watu wa hapa unaweza kumtukania mtu mama yake akakusamehe. Ukiivuruga njia ya skii, utasemwa mpaka theluji iyeyuke. Jamaa mmoja wa nguo za kubana akaja mbio.

"Toa mbwa njiani! Mama, wewe hukuzaliwa hapa?"

"Nimezaliwa hapa kabla ya hiyo njia!"

"Na mbwa je?"

"Muulize mwenyewe, mimi naburutwa tu!"

Wakati huo kiti kimeshapinduka, na theluji imemwingia Hilkka mpaka kwenye kola.

Lakini Turre aliporudi nyumbani alilala kama gunia. Kesho yake wakaenda tena, na kesho kutwa. Jengo likawa kimya. Hilkka naye akawa analala, ila yeye analala mezani, kijiko kimo kwenye supu. Mbwa ananawiri, mama anakwisha. Jumamosi jioni akakusanya bakuli, blanketi na kamba, akaviweka mlangoni. Basi. Mbwa wa msitu aende kwa watu wa msitu.

Jumapili Jarmo akafika, tumbo mbele, mwenyewe nyuma.

"Shemeji, umekonda! Mbwa anakula sahani yako?"

"Na wewe unakula ya nani? Funga mlango, unaingiza baridi."

Akamkatia mkate wa iliki, akammiminia kahawa. Turre chini ya meza hata kichwa hakuinua.

"Mbona kimya hivi?"

"Amechoka. Tumetoka ziwani."

"Na majirani?"

"Airi jana kaniletea soksi."

"Kumbe umemweza!"

"Nimemweza. Yeye kaniweza zaidi. Mchukue, Jarmo. Vitu vyake hivyo hapo."

Jarmo akatikisa kichwa kukubali, anatafuna. Hilkka akahisi mabega yanashuka, kama mtu aliyetua ndoo. Akauliza, kwa kuuliza tu:

"Sasa msimu wa kuwinda umeisha. Nani atamtembeza?"

"Kumtembeza?" Jarmo akacheka mpaka makombo yakamtoka. "Shemeji, mbwa wa kuwindia hatembezwi. Nina banda, nimetandika nyasi kavu, zuri kabisa. Atakaa humo mpaka Agosti."

"Mpaka Agosti."

"Atakuwa anatokatoka."

"Utamtoa wewe au mkeo?"

"Aa, tutaona. Kwani kumtembeza mbwa ni kitu gani? Dakika mbili tatu."

Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Hilkka akaondoka mezani. Akainama mlangoni, akachukua kamba, akamtupia mapajani.

"Mtoe."

"Sasa? Si umesema ametoka?"

"Ya mchana bado. Dakika mbili tatu, si ndiyo? Mfikishe kwenye ile ncha ya ziwa yenye misonobari, umrudishe. Kiti kipo chini ya ngazi. Na njia ya skii usiiguse."

Jarmo alikuwa na viatu vyake vya kuendeshea gari. Lakini Turre alishaisikia kamba, na gunia likawa mshale. Hilkka akasikia kucha zikishuka ngazi, viatu vikizifuata ovyo, halafu tusi moja refu. Akajilaza kwenye kochi. Usingizi ukamchukua hapohapo.

Alipoamka kulikuwa giza, na Jarmo amesimama sebuleni: nyusi nyeupe, goti la suruali limechanika, kofia hana. Turre pembeni, mkia juu.

Jarmo akakaa. Akanywa kahawa, kikombe cha kwanza, kisha cha pili.

"Kila siku hivi?"

"Mara tatu."

"Na kaka yangu alikuwa anafanya haya?"

"Miaka tisa. Mimi nikiwa nimelala."

Jarmo akavua soksi, akazitandaza juu ya hita.

"Nitakuwa nakuja Jumapili," akasema. "Na Jumatano nikitoka kazini. Usinitazame hivyo."

"Sijakutazama."

"Na kizimba?"

"Rudi nacho."

Alipoondoka, Hilkka akarudisha bakuli jikoni na blanketi mahali pake. Turre akanywa maji, akazunguka chumba, kisha akaenda kusimama mlangoni. Nje baridi ilikuwa imeongezeka. Hilkka akaipapasa suruali ya sufu iliyoanikwa bafuni. Bado ilikuwa mbichi. Akaivaa hivyohivyo.